Tovuti za Miji Yetu: Kupokea Zimeweza, Kujibu Bado

Mkazi wa jiji hana mengi anayoyadai kwa halmashauri yake. Anataka leseni ya duka, kibali cha kujenga, mkopo wa kikundi, gari la taka lipite siku yake, mtaro ulioziba uzibuliwe kabla ya masika, na mara mojamoja anataka kujua ushuru anaoulipa sokoni umekwenda wapi. Kwa miaka mingi haja hizi zilimpeleka kaunta, akapanga foleni, akaambiwa arudi kesho. Tovuti ya jiji ilikuja na ahadi ya kumpunguzia safari hizo. Tuulize basi: ahadi hiyo imetimia kwa kiasi gani?

Ukiitazama mifumo ya miji ya Afrika Mashariki kwa utulivu, utaona imetimia upande mmoja. Fedha inayotoka kwa mkazi kwenda jijini inafika upesi, ina namba, ina risiti, na ina mtu anayeifuatilia. Jibu linalopaswa kutoka jijini kwenda kwa mkazi, mara nyingi halina namba, halina tarehe ya mwisho wala halina mwenyewe. Uhaba wa kompyuta hautoshi kueleza pengo hilo, maana mashine zilezile zinazohesabu makusanyo zinaweza kuhesabu maombi yaliyojibiwa. Chanzo chake ni swali ambalo wakuu wa miji huulizwa na walio juu yao. Wanaulizwa mwezi huu mmekusanya kiasi gani. Ni nadra kuulizwa mmejibu watu wangapi, na kwa siku ngapi.

Ubao wa matangazo

Tanzania ilipiga hatua kubwa mwaka 2017, pale mikoa na halmashauri zote zilipopata tovuti za muundo mmoja, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na Wakala ya Serikali Mtandao, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Kabla ya hapo halmashauri nyingi hazikuwa na tovuti kabisa, na zilizokuwa nazo ziliachwa zikachakaa. Muundo huo mmoja uliweka lugha ya Kiswahili mbele, ukatenga mahali pa zabuni, fomu, sheria ndogo na matangazo ya kazi, na kila tovuti ikawa na anwani ya serikali inayoaminika. Miaka miwili baadaye Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaifanya Wakala hiyo kuwa Mamlaka kamili, yenye nguvu ya kusimamia viwango. Hayo ni mafanikio ya kweli na hayafai kubezwa.

Lakini fungua ukurasa wa mbele wa tovuti nyingi za halmashauri. Utakutana na picha za viongozi, habari za ziara za wakuu wa wilaya, ufunguzi wa miradi na salamu za sikukuu. Huduma zimepangwa kwa majina ya idara na vitengo, kama ofisi zilivyojipanga zenyewe. Anayetaka leseni inambidi ajue kwanza kwamba leseni ziko chini ya biashara. Anayelalamikia kelele za baa inambidi ajue kama jambo hilo ni la mazingira, la afya au la biashara. Tovuti imejengwa kwa mtazamo wa aliye ndani ya jengo, wakati anayeisoma yuko nje.

Uingereza iliwahi kuwa na tatizo hilihili. Wizara na wakala zake zilikuwa na tovuti lukuki, kila moja na mpangilio wake. Mwaka 2012 zikaanza kuhamishiwa kwenye tovuti moja ya GOV.UK, na kanuni iliyofuatwa ilikuwa rahisi: panga kurasa kwa kufuata haja ya mwananchi, kisha mtafutie wewe ofisi inayohusika. Halmashauri za nchi hiyo nazo zikaja kushirikiana. Croydon na Brighton zilianzisha kazi ya LocalGov Drupal, programu ambayo halmashauri moja inairekebisha na nyingine zinaichukua bure. Tanzania imekwisha kuwa na nusu ya faida hiyo, kwa kuwa halmashauri zake 184 zina muundo unaotoka mahali pamoja. Ukurasa mzuri wa leseni ukitengenezwa mara moja, unaweza kutumika Tunduru na Tarime bila kila halmashauri kutafuta mkandarasi wake.

Haja ya kupanga upya ni kubwa zaidi Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728. Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Leo mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila moja na tovuti yake. Juu ya hizo kuna TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa barabara za mitaa, DAWASA kwa maji safi na majitaka, na TANESCO kwa umeme. Barabara ikichimbika baada ya bomba kupasuka, mkazi anayeishi mpakani mwa Ubungo na Kinondoni anakabiliwa na milango minne au mitano. Tovuti nzuri ingempokea mlangoni, ikauliza shimo liko wapi, kisha yenyewe ikalipeleka kwa mwenye barabara. Kazi ya kujua mipaka ya ofisi ni ya serikali, kwa sababu serikali ndiyo iliyoichora.

Mkono unaopokea

Upande wa malipo hali ni tofauti kabisa. Mfumo wa malipo ya serikali wa GePG ulioanza mwaka 2017 umebadilisha maisha ya kila anayelipa serikalini Tanzania. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ile ambayo mitaani watu huiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, na deni linafutika papo hapo. Karani aliyezoea kupokea noti na kuandika risiti ya mkono hana tena nafasi ya kuchepusha malipo hayo. TAMISEMI ikaongeza mfumo wa TAUSI, ambao kwao mfanyabiashara anaomba leseni na kulipia tozo za halmashauri akiwa dukani kwake.

Kodi ya majengo inatufundisha zaidi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia luku, mita ya umeme wa kulipia kabla: mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Mwenye nyumba hafungui tovuti yoyote wala hajazi fomu. Ananunua umeme, na kodi imelipika. Utaratibu huo umezua ugomvi kati ya wapangaji na wenye nyumba, maana mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji na kodi si yake. Hata hivyo umeonyesha jambo moja waziwazi: serikali ikitaka sana jambo liwe rahisi, inao uwezo wa kulifanya rahisi hadi kwenye nyumba ya mtu asiyejua intaneti ni nini.

Kwa nini basi urahisi huo haujafika kwenye kibali na malalamiko? Turudi kwenye swali la wakubwa. Kwa miaka kadhaa mawaziri wa TAMISEMI wamekuwa wakitangaza hadharani halmashauri zilizoongoza kwa makusanyo na zile zilizoburuza mkia. Mkurugenzi aliyeshika mkia anajua kiti chake kinatikisika. Hakuna orodha ya namna hiyo inayosomwa hadharani kuhusu halmashauri inayojibu barua za wananchi kwa wakati. Mtumishi huweka nguvu pale anapopimwa, na mifumo yake hufuata nguvu hizo.

Nani mwenye mfumo?

Nairobi ina funzo la aina nyingine. Mwaka 2014, chini ya Gavana Evans Kidero, kaunti ilizindua eJijiPay, mfumo wa kulipia maegesho, leseni na kodi za ardhi, ulioendeshwa na kampuni binafsi ya JamboPay. Mkataba huo ulifikia mwisho mwaka 2019 katikati ya mvutano. Mwaka 2020 serikali ya taifa ilichukua baadhi ya kazi za kaunti na kuziweka chini ya NMS, idara maalumu ya huduma za jiji, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikapewa jukumu la kukusanya mapato ya jiji. Baadaye ukaja mfumo mwingine, kisha Nairobi Pay katika enzi ya Gavana Johnson Sakaja.

Kila badiliko lilikuwa na sababu zake za kisiasa na kisheria. Kwa mwenye kiwanja au mwenye kibanda, maana yake ilikuwa moja: kujifunza upya, kujiandikisha upya, na kuhofu kama kumbukumbu za malipo ya zamani zimehamia kwenye mfumo mpya. Jiji linaloendesha huduma zake kwa mfumo lisioumiliki linaweka kumbukumbu za wakazi wake rehani. Mkandarasi anaweza kuajiriwa na kuondoka. Takwimu, anwani ya tovuti na historia ya kila mlipaji sharti vibaki kuwa mali ya jiji, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimeongeza uzito wa jambo hili, maana mfumo wa leseni unabeba vitambulisho, namba za simu na makazi ya watu.

Kenya imeonyesha pia hatari ya kuwa na mlango mmoja pekee. Katikati ya 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma zipatazo 5,000 zimewekwa kwenye tovuti yake ya eCitizen. Kabla Julai haijaisha, shambulio la kimtandao liliuyumbisha mfumo huo, na serikali ikalazimika kuwapa wageni viza walipowasili kwa sababu maombi ya mtandaoni yalikwama. Vituo vya Huduma Centre, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, vinaonyesha kwamba kaunta nzuri na tovuti nzuri zinaweza kuishi pamoja. Jiji linalofunga kaunta zake zote kwa furaha ya kuwa mtandaoni linajiandalia siku ya kufungiwa nje pamoja na wakazi wake.

Faili langu limefika wapi?

Mfano wenye nguvu kuliko yote ninayoijua unatoka Seoul, na una umri wa zaidi ya robo karne. Mwaka 1999 Meya Goh Kun, akiwa ameahidi kupambana na rushwa, alizindua mfumo uliojulikana kama OPEN. Maafisa walioshughulikia vibali vyenye sifa mbaya ya hongo, vikiwamo vya ujenzi, walitakiwa kuandika mtandaoni kila hatua ya ombi: limepokewa lini, liko mezani kwa nani, linatarajiwa kukamilika lini, na likikataliwa, kwa sababu gani. Mwombaji aliweza kuyaona hayo yote kutoka popote.

Tuangalie kwa nini hilo lilikuwa na makali. Hongo ndogo hukua pale ambapo faili limejificha. Mwombaji asipojua limelala kwenye meza ipi, humtafuta mtu wa ndani wa kulisukuma, na msukumo huo una bei. Faili likionekana, kuchelewa nako kunaonekana, na anayechelewesha ana jina na cheo. Seoul haikungoja kila mkazi awe na kompyuta. Ilitosha kwamba mwandishi wa habari, diwani au mwombaji mmoja mwenye uchungu angeweza kufungua na kuona. Afisa anayejua kwamba anaweza kutazamwa hufanya kazi tofauti na yule anayejua hatazamwi.

Linganisha na safari ya mama anayetaka kufungua duka Mbagala. Leseni yake ni ya kundi B, inayotolewa na halmashauri, kwa upande wake Temeke. Kabla ya kuomba anahitaji namba ya mlipakodi na uthibitisho wa kodi kutoka TRA, mkataba wa pango, na kama duka lina jina, usajili wa BRELA. Kila taasisi ina mfumo wake na nywila yake. Sehemu nyingi za safari hiyo sasa zinafanyika mtandaoni, na hilo ni jema. Anachokosa ni mahali pamoja panapomwambia hatua zote tangu mwanzo, gharama ya kila moja, na siku ambazo kila ofisi inaruhusiwa kumshikilia.

Siku hizo kwa kweli zimekwisha kuandikwa. Taasisi za umma Tanzania zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaotaja huduma na muda wa kuitoa. Halmashauri kadhaa zimeupandisha kwenye tovuti zao kama waraka wa PDF, na huko ukabaki. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji, na Kenya, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, imeweka siku 21. Kinachohitajika ni kuutoa muda huo kwenye waraka na kuufunga kwenye kila ombi, ili siku ya kwanza ianze kuhesabiwa mkazi anapobonyeza kitufe cha kutuma, na yeye na mkurugenzi waione hesabu moja.

Lalamiko lenye namba

Uwanja wa malalamiko ndio unaoonyesha kama jiji linataka kusikia. Mwaka 2007 shirika la mySociety la Uingereza lilianzisha FixMyStreet. Mkazi anaweka alama kwenye ramani mahali penye shimo, taa iliyokufa au takataka, anaeleza kwa ufupi, na mfumo unatambua halmashauri inayohusika na kuipelekea. Taarifa inabaki hadharani ili majirani waione. Baada ya wiki nne mfumo unamwandikia aliyetoa taarifa na kumuuliza kama tatizo limetatuliwa, na jibu lake linawekwa wazi pia. Halmashauri haijipi alama yenyewe. New York, ambayo ilianza huduma ya namba 311 mwaka 2003, nayo huchapisha kila siku orodha ya maombi ya wakazi yaliyopokewa, yakiwa na aina yake, mahali pake na hali yake.

Tanzania ina e-Mrejesho, mfumo wa taifa unaopokea malalamiko, maoni na pongezi, na unafikiwa hata kwa simu ya kitochi kwa kupiga *152*00#. Msingi huo ni mzuri. Kilichobaki ni uwazi. Lalamiko langu nikiliona mimi na afisa peke yetu, ni rahisi lipoe. Likionekana pamoja na malalamiko mengine 40 ya mtaro uleule wa Msasani au Jangwani, limekuwa hoja ya bajeti ambayo diwani hawezi kuikwepa.

Wala hatuwezi kusema mitaa yetu haijulikani ilipo. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaro, njia na nyumba za kata zinazofurika, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Mwaka 2022 ilifuata operesheni ya anwani za makazi, iliyoipa mitaa majina na nyumba namba. Mahali pa tatizo pamekwisha kupatikana. Anayetakiwa kupatikana ni mwenye dhamana ya kulijibu.

Wasio na simu janja

Wapo wanaopinga mazungumzo haya kwa hoja nzito: tovuti ni za wenye simu janja na bando, na kila shilingi inayowekwa humo inawapa kisogo maskini. Hoja hiyo inastahili jibu kamili.

Kwanza, mtu asiye na simu janja tayari anatumia tovuti za serikali, kupitia mikono ya wengine. Tanzania anakwenda steshenari, Kenya anakwenda saiba, na kijana wa pale humjazia fomu kwa malipo. Vijana hao ndio maafisa huduma wa kweli wa miji yetu, ingawa hakuna ofisi inayowatambua. Mteja huwaachia nywila, namba ya kitambulisho, wakati mwingine hata namba ya siri ya simu. Rwanda iliuona ukweli huu mapema. Tovuti yake ya Irembo, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, ina mawakala waliosajiliwa nchi nzima wanaowasaidia wananchi kuomba vyeti na huduma nyingine. Halmashauri zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo: zisajili steshenari, zitoe mafunzo, ziweke bei elekezi ukutani, na kumpa kila wakala akaunti yake ili asihitaji nywila ya mteja.

Pili, menyu ya nyota na reli inafanya kazi kwenye simu yoyote, na malipo yamekwisha kuthibitisha hilo. Namba ya ombi na hali yake vinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi, kama risiti ya kodi inavyotumwa.

Tatu, maskini ndiye anayeumizwa zaidi na faili lililojificha. Mwenye uwezo ana mtu wa kumpigia simu. Ukizingatia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye mgawo wa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, utaona jinsi uwazi ulivyo haki ya mnyonge. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya, kisha ikarejea 2024 na maombi yake yakaingia kwenye mfumo wa kielektroniki. Halmashauri inayoweka hadharani majina ya vikundi vilivyopata, kiasi na kata yake, inamwezesha jirani kutambua kikundi ambacho hakipo. Hilo linaweza kufanyika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kwenye tovuti kwa wakati mmoja, kwa gharama ya karatasi moja.

Swali kwa madiwani

Ukiyaweka haya yote pamoja, kazi iliyobaki si ya kununua mfumo mpya. Vipande vipo: muundo mmoja wa tovuti, njia ya malipo inayofanya kazi, menyu ya simu, anwani za makazi, mikataba ya huduma yenye muda uliotajwa, na sheria za taarifa. Kinachokosekana ni amri ya kuviunganisha na sababu ya mtumishi kuvijali.

Amri hiyo inaweza kutoka kwenye kikao ambacho tayari kipo. Kila robo mwaka baraza la madiwani hukaa na kupokea taarifa ya mapato, mstari kwa mstari. Taarifa hiyo iongezewe ukurasa mmoja: maombi ya leseni na vibali yaliyopokewa, yaliyojibiwa ndani ya muda, yaliyopita muda na sababu zake, malalamiko yaliyopokewa kwa kila kata, na mangapi yamethibitishwa na walalamikaji wenyewe kuwa yameisha. Ukurasa huo ubandikwe kwenye tovuti siku ileile, mahali ambapo leo kuna picha ya ziara. TAMISEMI nayo, ikitangaza walioongoza kwa makusanyo, iwatangaze na walioongoza kwa kujibu.

Mkurugenzi atakayejua kwamba atasimama mbele ya baraza kueleza maombi yaliyolala siku 90 ataujenga mfumo wa kuyaamsha, hata kama ataanza na daftari. Na mfanyabiashara aliyelipa tozo zake kwa dakika mbili ana kila haki ya kudai kwamba kazi aliyoilipia ipewe tarehe, na tarehe hiyo iheshimiwe.